Kompresa ya skrubu inatema oili kwenye hewa

mwanga_kgm: Wakuu, kompresa ya skrubu ya gereji hapa Kigoma, kW 15, inatoa hewa yenye oili, rangi ya bodi za magari inafanya vijicho (vishimo vidogo). Separeta, ile filta inayotenga oili na hewa, ni mpya. Oili ni ya injini, imejaa hadi juu ya alama.

fundi_ujiji: Separeta usiilaumu bado. Oili hupulizwa kati ya roto mbili (zile skrubu zinazobana hewa) ili kuziba mwanya, kupoza na kulainisha. Nyingi huanguka kwenye tangi. Ukungu unaobaki hunaswa na separeta, kisha kibomba chembamba huirudisha oili hiyo kwenye roto. Tundu lake likiziba, oili hujaa kwenye separeta na kutoka na hewa. Zima, achia presha yote, kifungue ukipulize. Ncha yake ikaribie kugusa kitako cha separeta.

reli_tabora: Cheki pia vali inayozuia hewa kutoka mpaka tangi lifike kama baa 4. Ikikwama wazi, hewa hukimbia mno, inabeba oili.

fundi_ujiji: Na hiyo oili ya injini, mkuu, haifai: inashika maji na kutoa povu. Imwage ikiwa ya moto, hata iliyo kwenye kipoozeo. Weka ya kompresa, ISO VG 46 (namba ya uzito wa oili), na filta mpya ya oili. Usipitishe alama.