Mwanaidi akajifungulie wapi? Gumzo la kikundi "Wajukuu wa Bibi Tatu"

*Jumamosi, saa 12 jioni*

Dada Zuhura: Asalaam aleikum wanafamilia. Mwanaidi leo ametimiza wiki 33 za mimba na mpaka sasa haijulikani atajifungulia wapi. Kaka anataka praiveti, Mama anataka serikali, kila mtu anampigia simu kivyake, mwenyewe anazidi kuchanganyikiwa. Naomba tuyaongee hapa, wote tukisikia.

Kaka Hamisi (Muscat): Waaleikum salaam. Msimamo wangu mnaujua. Nimeulizia hospitali moja ya praiveti huko huko Mbagala: kawaida laki 6, upasuaji milioni 2 na nusu. Nitatuma. Sitaki mdogo wangu alazwe wawili kitanda kimoja na mimi niko hai, nina nguvu zangu, nafanya kazi.

Juma wa Mwanaidi: Kaka, nashukuru sana. Laki 6 hata mimi naweza kuihangaikia. Hiyo milioni 2 na nusu ndiyo inayoninyima usingizi, maana siku yenyewe huwezi kumwambia daktari subiri nikakope.

Mama: Mimi wote sita nimewazalia serikalini, hospitali ya Bombo, Tanga. Nilikwenda na khanga zangu nikarudi na watoto wangu.

Mama Mdogo Asha: Dada, wewe ulijaliwa. Mimi mwaka 2014 nilikwenda ya serikali, jina silitaji. Uchungu umenishika tangu magharibi, nesi mmoja, wajawazito nikatuhesabu tisa. Nilipomwita akanijibu lile neno lao, "ulipokuwa unaitafuta uliniita?" Mtoto alitoka nimeshikilia chuma cha kitanda. Aliyemdaka ni mama wa kitanda cha pili, naye ana uchungu wake. Mpaka leo nikisikia harufu ya ile dawa ya kudekia sakafu, tumbo linanikata.

Kaka Hamisi (Muscat): Mmesikia? Ndiyo maana nasema.

Dada Zuhura: Pole Mama Mdogo. Hilo halikupaswa kukufika. Lakini Kaka, na mimi nina langu, na wewe hukuwahi kuambiwa lote.

Dada Zuhura: Mtoto wangu wa pili, 2021, nilijifungulia praiveti. Chumba changu peke yangu, pazia, uji unaletwa kitandani, manesi wanakuita mama kwa upole. Saa 7 usiku mtoto akatoka salama, akalia. Ndipo damu ikaanza. Khanga ya kwanza ikajaa, ya pili, ya tatu. Daktari wa zamu alikuwa kijana mmoja, anatetemeka mikono. Daktari wa upasuaji yuko nyumbani kwake, anapigiwa. Damu ya kuongezewa hakuna. Wakasema nihamishwe, na kabla gari halijawashwa mume wangu, Baba Nasra, akaambiwa apite dirishani amalizie bili.

Dada Zuhura: Nilikopelekwa ni serikalini. Walinipokea watu wanne kwa mpigo. Mmoja anakandamiza tumbo, mmoja anatafuta mshipa, mmoja anaita kwa jina langu nisilale. Niliongezewa chupa 3 za damu. Kitanda kilikuwa hakina shuka, nikalalia khanga ya mtu nisiyemjua. Lakini niko hapa naandika.

Kaka Hamisi (Muscat): Zuhura!! Mimi niliambiwa ulizidiwa kidogo tu.

Mama: Mimi ndiye niliyekataza usiambiwe. Ulikuwa mbali, ungefanya nini.

Shangazi Mwajuma: Nimewasoma wote. Asha pole, Zuhura pole mwanangu.

Juma wa Mwanaidi: Shikamoo Shangazi.

Shangazi Mwajuma: Marahaba baba. Naandika ndefu, mnivumilie. Nimekaa leba miaka 31. Nimewaona waliotoka praiveti wakaletwa kwetu wameshapauka midomo, na nimewaona waliotukimbia sisi kwa sababu ya maneno ya wenzangu, wakaenda kuhudumiwa kiutu mahali pengine. Yote mawili ni kweli. Ila mnabishana kuhusu bango la getini. Mimi nataka mjue mle ndani saa 8 usiku kuna nini.

Shangazi Mwajuma: Ukienda kuangalia hospitali usitazame marumaru. Muulize mkunga, siyo mtu wa mapokezi. Chumba cha upasuaji kinafunguliwa na nani usiku, na mtaalamu wa dawa ya usingizi analala hapo hapo au anapigiwa simu? Damu ipo kwenye jokofu lao au inafuatwa mjini? Mtoto akitoka hajalia, nani anamshika, na kuna mfuko wa kumpulizia hewa na oksijeni? Wana chumba cha watoto njiti? Na wakishindwa, wanakupeleka wapi, kwa gari la nani? Kama majibu yote ni "tutampigia", hapo unalipia pazia na uji.

Dada Zuhura: Hapo kwenye damu Shangazi umenigusa.

Shangazi Mwajuma: Damu na kifafa cha mimba, hayo mawili ndiyo yanayotuondolea mama zetu kwa wingi. Na yote mawili yana dawa, tatizo ni muda. Tumepiga hatua kubwa. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulionyesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukatoa 104. Vituo vya afya vingi sasa vimejengewa vyumba vya upasuaji, zamani mama anatolewa kijijini kwa baiskeli. Lakini hao 104 ni watu, na wengine ni wale waliochelewa kuamua kama sisi hapa.

Kaka Hamisi (Muscat): Shangazi na hili la kisu? Naambiwa praiveti wanakimbilia kisu kwa sababu ya hela.

Shangazi Mwajuma: Wapo. Upasuaji unalipa zaidi na unaisha haraka. Shirika la Afya Duniani tangu 1985 lilisema hakuna sababu upasuaji uzidi asilimia 10 hadi 15 ya wanaojifungua. Lakini mwanangu, nisiwatie woga wa kisu. Nimeona pia waliokataa kusaini mpaka mtoto akachoka tumboni. Ukiambiwa kisu, uliza sababu, na sababu ikieleweka saini.

Mama Mdogo Asha: Na yale maneno ya manesi Shangazi? Hayo tuyameze?

Shangazi Mwajuma: Hapana Asha. Nesi mmoja kwa wajawazito tisa anachoka, hilo nalijua mwilini mwangu. Lakini uchovu hautoi ruhusa ya tusi. Nimewahi kumtoa binti wa zamu yangu chumbani kwa neno kama lile, nikamwambia akanywe chai arudi akiwa mkunga. Mlalamikie kwa matroni, msikae na uchungu moyoni miaka kumi. Na muulize kama wanaruhusu ndugu wa kike kukaa na mzazi. Mwenye mtu wake pembeni hatukanwi hovyo.

Juma wa Mwanaidi: Je, ni kweli serikalini uzazi ni bure? Jirani alitumwa vitu mpaka akachoka.

Shangazi Mwajuma: Sera ni bure, baba. Lakini vifaa huisha, basi jiandae: glovu, pamba, vibanio vya kitovu, mpira wa kulalia, khanga safi nne au tano, sabuni, beseni, nguo za mtoto za kumfunika kichwa mpaka miguu. Weka na akiba mkononi kwa dawa itakayokosekana dirishani.

Shangazi Mwajuma: Sasa. Tumeongea saa nzima na mwenye mimba hajasema neno. Mwanaidi, uko?

Mwanaidi: Nipo Shangazi, shikamoo. Nawasoma tu.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Piga picha kadi yako ya kliniki uitume hapa. Kurasa zote.

Mwanaidi: *[picha]*

Mwanaidi: *[picha]*

Shangazi Mwajuma: Hii presha ya juzi ni 144/92? Au naona vibaya?

Mwanaidi: Ndiyo. Wiki mbili nyuma ilikuwa 132/84. Nesi alisema nipumzike, nirudi Jumatatu.

Shangazi Mwajuma: Mkojo walipima?

Mwanaidi: Siku hiyo vipimo vilikuwa vimeisha.

Shangazi Mwajuma: Kichwa kinauma? Macho je, unaona maruweruwe? Umevimba wapi? Chini ya mbavu kulia kunauma? Jibu moja moja.

Mwanaidi: Kichwa kinauma tangu jana, nikadhani ni joto. Macho sawa. Mbavu sawa. Pete ya ndoa imegoma kutoka, Juma ameivuta kwa sabuni ikashindikana. Na asubuhi uso unakuwa mzito.

Shangazi Mwajuma: Juma, mke wako haendi Jumatatu. Anakwenda sasa hivi.

Juma wa Mwanaidi: Sasa hivi usiku huu?

Shangazi Mwajuma: Sasa hivi baba. Presha ikifika 140/90 kwa mjamzito aliyepita wiki 20, hiyo si ya kulala nayo, inaweza kuishia kwenye kile kifafa cha mimba, na kichwa kinauma, na uso unavimba. Nenda hospitali ya wilaya, hapo karibu yenu. Wakisita waambie maneno haya: "presha 144/92, wiki 33, kichwa kinauma tangu jana." Usiseme "anajisikia vibaya". Ukikosa usafiri piga 115, ni bure, ni ule mfumo wa m-mama wa kusafirisha wazazi na vichanga.

Kaka Hamisi (Muscat): Juma nimekutumia laki 3 kwenye simu. Chukua bajaji, usisubiri daladala.

Juma wa Mwanaidi: Nimeiona kaka. Tunatoka.

Mama: Ya Rabi, mlinde mwanangu.

*Jumamosi, saa 4 na nusu usiku*

Juma wa Mwanaidi: Tumefika tangu saa 3. Wamempima, presha 150/98. Mkojo una protini. Wamempa dawa ya kumeza na wamemlaza. Nesi ameuliza nani alituambia tuje, nikamwambia shangazi yake ni mkunga. Akasema mwambieni amefanya vizuri.

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillahi. Mapigo ya mtoto?

Juma wa Mwanaidi: Wamesikiliza wakasema yako vizuri. Nimeyasikia na mimi, waliniwekea kile kipaza sauti kidogo. Yanakwenda kama farasi.

Dada Zuhura: Nalia hapa.

*Jumapili, saa 4 asubuhi*

Juma wa Mwanaidi: Daktari amepita. Wanampa rufaa ya mkoa kwa gari la wagonjwa, kwa sababu kule kuna chumba cha watoto njiti kama ikibidi mtoto atolewe mapema. Wameanza sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Kaka Hamisi (Muscat): Shangazi naomba nikuulize kwa heshima. Huko rufaa siyo ndiyo msongamano wenyewe? Nikitoa hela hawezi kwenda praiveti kubwa ya mjini?

Shangazi Mwajuma: Unauliza vizuri baba. Zipo praiveti chache kubwa zenye kila kitu, sikatai. Lakini hesabu: presha hii anaweza kulazwa wiki tatu, kisha upasuaji, kisha mtoto alale kwenye joto siku kadhaa. Kila siku ina bili yake. Milioni 2 na nusu itaisha kabla mtoto hajazaliwa, na hapo ndipo utaambiwa umhamishie serikalini, katikati ya shida. Temeke, Amana, Mwananyamala ndizo rufaa za mkoa hapo Dar, na juu yao Muhimbili. Mwenye presha ya mimba anakaa kwenye ngazi hiyo tangu mwanzo.

Shangazi Mwajuma: Hela yako haikataliwi. Iwe ya chakula chake, nauli za wanaomhudumia, dawa itakayokosekana. Nyingine isiguswe mpaka mtoto atoke.

Kaka Hamisi (Muscat): Nimeelewa Shangazi. Nakuamini.

Mama Mdogo Asha: Mimi nitakuwa zamu ya mchana. Nitakaa naye. Sitaki ashike chuma cha kitanda peke yake.

Shangazi Mwajuma: Mungu akulipe Asha. Na wanaume mnaosoma kimya humu, kadi inasema kundi lake ni O chanya. Nendeni mkachangie damu kesho, mwenye afya na kilo 50 kwenda juu. Msingoje mpaka aitwe mtu usiku.

Binamu Salum: Mimi na mdogo wangu tutakwenda. Nilichangia mwezi wa 3, muda umeshapita.

Baba Nasra: Nami nipo. Yale ya 2021 sitaki kuyaona tena.

Mama: Nimekata tiketi. Basi linatoka Tanga saa 12 alfajiri. Nani atanipokea stendi ya Mbezi?

Dada Zuhura: Mimi Mama. Usibebe vitu vizito.

*Jumatano, saa 9 alasiri*

Mwanaidi: Asalaam aleikum. Nimepata simu yangu. Nashukuruni wote. Presha leo asubuhi 136/86. Kichwa kimetulia. Wodi imejaa, kelele zipo, lakini zamu ya usiku kuna nesi anakuja na tochi, anapima kila mtu, hamruki mtu. Daktari amesema hawaniruhusu, wakiweza kunifikisha wiki 37 watashukuru, presha ikipanda watatoa mtoto siku hiyo hiyo.

Shangazi Mwajuma: Ndivyo inavyotakiwa. Mtoto anacheza?

Mwanaidi: Anacheza. Mama Mdogo amenifundisha nifunge fundo kwenye ncha ya khanga kila akipiga, ili nisipoteze hesabu. Tangu saa 7 mchana yamefika mafundo 11.

Mama Mdogo Asha: Niko pembeni yake hapa. Tumefunga la 12.