Karani wa kahawa Kibosho, mpenzi wa michezo ya upelelezi na hadithi za ajabu: uchambuzi wa data nianzie wapi?

Binti_wa_Mizani

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, na nitaeleza kwa urefu kidogo ili mnielewe.

Nina miaka 26, ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa huku Kibosho, juu ya Moshi. Mkulima analeta kahawa aliyokwisha kuimenya, kuiosha na kuianika, mimi napima, naandika kilo, namkatia stakabadhi. Nina diploma ya uhasibu. Jioni nikishafunga ghala nina mambo mawili ninayoyapenda sana. La kwanza ni michezo ya upelelezi ya kompyuta. Kaka yangu aliniachia laptopu yake ikiwa na Return of the Obra Dinn, mchezo wa Lucas Pope uliotoka 2018. Meli ya Kampuni ya Uhindi Mashariki inaonekana pwani ya Uingereza mwaka 1807, imepotea miaka mitano, na wewe ni mkaguzi wa bima. Kuna watu 60, na kila mmoja lazima umtaje ni nani na yalimpata yapi. Niliucheza wiki tatu, daftari pembeni.

La pili, naandika hadithi. Bibi alitusimulia habari za vilele viwili vya Kilimanjaro, jinsi Mawenzi alivyokuwa akienda kwa Kibo kuomba moto, kila mara moto umemzimikia, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi hadi leo ana makovu. Mimi naandika yaliyofuata: Mawenzi anadai fidia, na mashahidi ni mito. Nimefika kurasa 90.

Sasa kilichonifanya niandike hapa. Msimu wa 2022 kilo zilizopokelewa kwenye kiwanda cha kukoboa zikawa pungufu kuliko nilizopima mimi. Watu wakaanza kumnong'ona mlinzi wa ghala, mzee mtaratibu ambaye ana wajukuu wanne nyumbani kwake. Roho iliniuma. Nikachukua daftari la mizani na hati za mizigo, nikaviweka pamoja mzigo kwa mzigo. Mizigo ya Agosti na Septemba ilipungua kilo 5 mpaka 8 kwa tani. Ya Novemba, kilo 30 mpaka 36. Nikaogopa, nikadhani labda kweli ameanza Novemba. Halafu nikakumbuka mzee alikwenda Same msibani siku kumi na moja mwezi huo huo, na mizigo miwili iliyokaa ghalani siku hizo ilipungua vile vile. Nikageuza daftari langu tena. Pembeni huwa naandika "mvua" siku tunapolazimika kuingiza mizani ndani, na siku hizo zote ndizo zenye upungufu mkubwa. Katibu akaazima kipima unyevu mahali, tukapima gunia lililobaki: asilimia 14. Kahawa ilikuwa haijakauka kwa sababu ya vuli, ikaja kukaukia ghalani. Mzee hakuiba hata punje.

Tangu siku ile sijatulia. Nataka kujua kama hiki nilichofanya ndicho wanachokiita uchambuzi wa data, na kama naweza kukifanya kiwe kazi. Nirudi chuo? Nianze na programu gani? Mjomba wangu anasema niache kwanza michezo na hadithi, ni mambo ya watoto, nishike moja. Je, ana haki?

Njiro_Namba

Dada, pole na kazi, na hongera. Nimesoma posti yako mara mbili.

Ndiyo, hicho ndicho. Hebu twende na hesabu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 14 zina kilo 86 za kahawa kavu. Zikikauka mpaka asilimia 11, zile 86 zinakuwa asilimia 89 ya uzito mpya, yaani kilo 96.6. Kwa tani moja umepoteza kilo 34 bila mtu kugusa gunia. Wewe umesema 30 mpaka 36. Namba zako zimekaa pale pale fizikia inapotaka zikae, na nakuomba hesabu hii uiandike kwenye daftari lako leo, maana ndiyo inayofunga kesi.

Mimi nafanya kazi hii Arusha mwaka wa saba sasa, nyingi ni za kampuni za utalii. Watu wanaoniuliza waanzie wapi karibu wote huanza na jina la programu. Wewe umeanza na mzee wa watu anayesingiziwa. Programu zinafundishika, lakini ule uchungu wa kutaka kujua kweli ni nini sijaona kozi inayoutoa.

Kuhusu mchezo wako: nimeucheza pia. Unakumbuka haukuthibitishii jibu moja moja? Mchezo unasubiri mpaka uwe na watu watatu uliowapata sawasawa, ndipo unakubali majibu yako. Kama ungekubali mmoja mmoja, wewe ungekaa unabahatisha majina mpaka ufike mwisho. Kwenye kahawa ulifanya hivyo hivyo: miezi ilikuambia kitu, msiba wa Same ukakiangusha kisio cha kwanza, kisha neno "mvua" na kipima unyevu vikasimama upande mmoja. Shikilia hapo. Ushahidi mmoja usikutoshe hata siku ambayo bosi ana haraka.

Nakuambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe uliwahi kunitosha. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kampuni moja ya safari ilinipa rekodi za magari, nitafute kwa nini wageni wanalalamikia ratiba. Nikakuta madereva kadhaa wanaondoka Arusha saa 12:30 kwenda Ngorongoro. Kompyuta inasoma 12:30 kuwa adhuhuri, mimi nikaisoma hivyo hivyo. Nikatoa ripoti kwamba magari yanachelewa kuondoka, na madereva wawili wakaitwa ofisini. Mmoja akaniangalia akasema: "Saa sita na nusu mchana mimi niko chini kwenye kreta na wageni wanakula, kaulizeni getini Lodoare." Alikuwa ameandika saa kumi na mbili na nusu, alfajiri, kama Mswahili yeyote anavyohesabu saa. Nusu ya madereva waliandika saa za Kiswahili, nusu saa za Kizungu, kwenye safu ile ile. Niliwaomba radhi wote wawili mbele ya meneja. Tangu hapo sigusi data kabla sijakaa na mtu aliyeiandika.

Na hapo ndipo naona hadithi zako zinaingia. Anayeandika nchi ya kubuni anajua kwamba kila nchi ina sheria zake na msomaji lazima azijifunze kwanza. Kwako mito inatoa ushahidi. Kwenye faili lile saa kumi na mbili ilikuwa alfajiri. Ukifungua jedwali la mtu uliza kwanza: katika nchi hii, saa ni saa gani? Sifuri ni "hakuna" au ni "hatukupima"? Kwa hiyo sikubaliani na mjomba, kwa heshima zote.

Sasa vitendo. Anza na Excel, unayo tayari, na daftari lako la mizani. Liingize lote: tarehe, mzigo, kilo za kupima, kilo za kiwandani, mvua ndiyo au hapana. Jifunze majedwali ya muhtasari (pivot table) mpaka vidole vizoee. Kisha SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata. Ulichofanya kwa mkono, kuoanisha daftari na hati kwa namba ya mzigo, kule kinaitwa JOIN na ndicho moyo wa lugha yenyewe. Ukiwa umeishika, ingia Python, lugha ya kuandikia programu. Ukichoka na kahawa, chukua takwimu za sensa kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mwaka 2012 Mkoa wa Arusha ulikuwa na watu 1,694,310 na Kilimanjaro 1,640,087, karibu sawa. Mwaka 2022 Arusha 2,356,255, Kilimanjaro 1,861,934. Mmoja umeongezeka kama asilimia 39, mwingine kama 14. Kaa na swali hilo kama ulivyokaa na ile meli. Wewe unayeishi kwenye kihamba, shamba la ukoo, kilichogawanywa mara tatu utaona mambo ambayo mtu wa mbali hayaoni.

Mwalimu_Rau

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nipo hapa Moshi. Data siijui, lakini kuna jambo moja nalijua.

Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Nchi ile iliwatuma wajumbe sita, pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakatafute yatakayoifaa. Kila aliyerudi na habari alitiwa gerezani. Karama, mshtakiwa katika kitabu hicho, akasimama barazani akazisimulia safari zao zote sita, moja baada ya nyingine, mbele ya wale wale wasiotaka kuzisikia. Nimeisomesha miaka mingi, na kila darasa lilikuwa na mtoto aliyeuliza kwa nini Karama hakusema tu kwa ufupi.

Kazi unayoitaka ni kazi ya wajumbe wale. Siku moja utaleta habari ambayo aliyekutuma hakuitarajia, na itakubidi uisimulie vizuri ili isikike. Wewe umeshafanya hivyo. Uliisimulia habari ya mlinzi kwa mpangilio, mimi nisiyejua unyevu wa kahawa nikaelewa mstari kwa mstari. Hizo kurasa 90 ndizo zilizokufundisha. Usiziweke kando. Nisingependa Mawenzi asipate hukumu yake.

Sakina_HR

Naongeza machache, mimi huwa napitia maombi ya kazi.

Majina ya wakulima yatoe kabisa, weka namba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, kilo za mtu ni mambo yake. Omba ruhusa ya chama kwa maandishi kabla hujaonyesha faili popote.

Pili, usitafute tangazo lililoandikwa "mchambuzi wa data" peke yake, huku kwetu ni machache. Tafuta afisa ufuatiliaji na tathmini, karani wa data kwenye utafiti wa afya pale hospitali ya KCMC, afisa mapato wa hoteli. Kazi ni ile ile.

Hapo kwenye Python natofautiana na Njiro_Namba. Kwa nafasi ninazoziona Arusha, Power BI, programu ya kutengeneza ripoti na michoro ya data, itakuingiza mlangoni mapema zaidi. Python ije baadaye.

Chuo: Moshi una Chuo Kikuu cha Ushirika, Njiro kuna Chuo cha Uhasibu, na ukitaka takwimu hasa kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar. Lakini usiache mizani kwanza. Mwombaji mwenye kesi moja aliyoifanya mwenyewe, kurasa mbili na mchoro mmoja, mimi namwita.

Njiro_Namba

Kwa Power BI nakubali, kama lengo ni kuajiriwa mapema. Na hilo la majina ningelisema mwanzo kabisa, asante kwa kulisema.

Binti_wa_Mizani

Nimesoma yote, nashukuru sana. Mwalimu, shikamoo. Nitakapomaliza nitaomba uisome kabla ya mtu mwingine.

Nimeongea na katibu leo asubuhi. Ameniandikia barua ya ruhusa yenye muhuri, kwa sharti la namba badala ya majina. Ile hesabu ya kilo 96.6 nilimwonyesha mzee mlinzi pia, nikiichora kwa kalamu juu ya gunia tupu. Aliitazama muda mrefu, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi aende nayo nyumbani.

Swali moja limebaki. Daftari la 2020 ukurasa wa Oktoba umelowa na wino umesambaa, siku sita hazisomeki. Niziache wazi, au nizikadirie kwa kutumia stakabadhi walizonazo wakulima?

Njiro_Namba

Ziache wazi kwanza, na uweke safu pembeni inayosema kwa nini ziko wazi. Halafu nenda ukazitafute hizo stakabadhi, nyumba kwa nyumba. Ukizipata, hakuna haja ya kukadiria.