Chuo kinaweza kufuta shahada uliyokwisha kutunukiwa?

BintiShella:
Assalaam aleikum wana jukwaa. Mdogo wangu yuko hapa Malindi, alitunukiwa shahada ya uzamili 2021. Chuo kimemwandikia ajieleze ndani ya siku 14 kwa nini isifutwe, eti sehemu za tasnifu amenakili. Si mwanafunzi tena, wana uwezo huo kweli? Aende kortini?

FailiMkononi:
Wa aleikum salaam dada. Uwezo upo, ila uwe umeandikwa. Hapa Kenya kuna Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, halafu kila chuo kina hati yake ya kuanzishwa na kanuni zake. Atafute humo kipengele cha kuondoa shahada: nani anaiondoa, kwa sababu zipi. Kwa kawaida ni Seneti ya chuo, yaani baraza lake kuu la mambo ya taaluma. Kamati ya nidhamu ya wanafunzi ni ya wanafunzi. Wakimpeleka huko aliyehitimu, aulize ni kipengele gani kinawaruhusu.

Habari hii ni ya kale. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilimvua msomi Richard Bentley shahada zake 1718, mahakama ikaamuru arudishiwe kwa kuwa hakusikilizwa. Jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Adamu aliulizwa kwanza. Ohio nako, Marekani, 1986, Mahakama ya Juu ya jimbo ilikubali kwamba chuo kinaweza kufuta, mradi pawe na sababu nzito kama udanganyifu na mhusika asikilizwe.

MwanaBarani:
Asikimbilie kuandika "sikunakili". Barua ya kwanza iwe ya kudai vitu: kurasa zinazolalamikiwa, maandishi yanayodaiwa kunakiliwa, ripoti nzima ya programu ya kulinganisha maandishi, na kanuni zilizokuwapo alipowasilisha tasnifu. Asilimia pekee haisemi kitu. Programu huweza kuhesabu nukuu, orodha ya marejeo, hata makala aliyoitoa mwenyewe kwenye tasnifu hiyohiyo. Ajibu ukurasa kwa ukurasa.

Ushahidi huo ni haki yake. Kifungu cha 47 cha Katiba, na kifungu cha 4 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, vinampa haki ya kupewa taarifa mapema, kusikilizwa, kuwakilishwa na wakili, na kuwahoji wanaomshtaki pale inapohitajika. Aombe kuongezewa muda kabla siku 14 hazijaisha, kwa barua pepe na nakala ya karatasi igongwe muhuri wa kupokelewa. Cheti halisi asikiachie.

Pwani_Huru:
Tuseme na upande wa pili: kama kweli kanakili sura nzima, utaratibu utamchelewesha tu. Bora aombe adhabu nyepesi, kwa mfano kusahihisha na kuwasilisha upya, kama kanuni zinaruhusu.

Korti bado mapema. Kifungu cha 9 cha hiyo Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala kinataka amalize kwanza rufaa za ndani ya chuo, isipokuwa pawe na hali ya kipekee na korti imruhusu. Uamuzi ukitoka, adai sababu kwa maandishi, akate rufaa, kisha Mahakama Kuu. Ya Malindi ipo. Kuomba uamuzi ubatilishwe, asipitishe miezi 6.

BintiShella:
Shukran. Barua imesainiwa na mkuu wa kitivo, Seneti haikutajwa popote.

FailiMkononi:
Basi hilo ndilo swali la kwanza kwenye barua yake: kitivo kimepewa na nani mamlaka ya kumtaka ajieleze, kwa azimio lipi, la tarehe gani. Aombe nakala. Na huku akingoja, aendelee kuandaa majibu ya kurasa, maana Seneti yenyewe inaweza kuandika barua mpya iliyo sawa.