Naomba ushauri: kapeti ya Morris Minor yenye injini ya Toyota (niko Wete)

Gari_ya_Baba:
Assalaam aleikum wakuu. Nina Morris Minor 1000 aliyoniachia marehemu baba. Injini yake ilishakufa, nikaweka ya Toyota 4K, cc 1290, na giaboksi ya gia 5. Giaboksi haikuingia, ikabidi tukate bati la katikati tuunde jengine, pana na refu kwenda juu kuliko la kiwandani. Rangi na nyaya tayari, imebaki ndani tu.

Mwaka jana nilimpa fundi mmoja anibandikie kapeti. Akapaka gundi sakafu nzima, akalaza zulia, ikapendeza. Masika yalipoisha nikaanza kusikia harufu, kama nguo iliyosahauliwa ndooni. Nikainua pembe kwa kidole, sponji ya chini ikatoka maji, na bati nililolipaka kwa mkono wangu limefanya malengelenge ya kutu. Niliumia sana. Baba aliitunza gari ile zaidi ya miaka 20.

Nimeshabandua vyote, nimekwangua, nimepaka praima upya. Kapeti zilizokatwa tayari za kuagiza Uingereza zitanifaa? Na nina mabaki ya zulia nene kama la msikitini, niyatumie?

Mvuvi_Mstaafu:
Kabla ya kapeti, maji yaliingilia wapi?

Gari_ya_Baba:
Nadhani milangoni.

Fundi_Viti_Unguja:
Waaleikum salaam, pole ndugu yangu. Nashona viti vya magari hapa Mwanakwerekwe. "Nadhani" haitoshi. Mkalishe mtu ndani na tochi, wewe shika mpira wa maji. Anzia chini upande juu: chini ya milango, kisha mipira ya milango, kioo cha mbele mwisho. Ukianzia juu maji yanateremka kila pahala na hutojua lipi ndilo tundu. Gari iliyobadilishwa injini, mimi naushuku kwanza ukuta wa mbele, ule unaotenga injini na miguu yenu. Matundu ya nyaya na kebo za zamani huachwa wazi.

Kapeti ya kukatwa tayari usiagize, imepimwa kwa bati la kiwandani na lako si lile tena. Zulia la msikitini nalo liache. Linafaa sakafu bapa. Mgongo wake mgumu, ukilikunjia kwenye tuta la giaboksi, yaani hilo bati la katikati mliloliunda, linainuka tu. Tafuta kapeti laini ya gari, inayovutika ukiipasha moto kidogo.

Usiikate bado. Chukua kadibodi, ilaze kwenye tuta, chora, kata, jaribu, rudia mpaka ikae. Ukihamishia kwenye kapeti unachora upande wa mgongo, kwa hiyo geuza kadibodi, la sivyo cha kulia kitakuwa cha kushoto. Tuta ndio la kwanza kuvikwa. Literemshe kama sm 5 kwenye sakafu, kisha vipande vya miguuni vije juu yake, ukingo hauonekani.

Matundu ya bolti za siti na mikanda usitoboe kapeti kwa drili. Mimi uzi mmoja ulijizungusha kwenye ncha ukafumua mstari mpaka mlangoni, kapeti mpya ya mteja, nikailipa. Sukuma msumari kutoka chini ya gari upate tundu, kisha lichome kwa msumari wa moto. Kapeti ya nailoni inayeyuka na kujifunga ukingoni.

Gundi iwe kwenye tuta na kuta tu. Paka pande zote mbili, mgongo wa kapeti na bati, subiri mpaka ukigusa haigandi kidoleni, ndipo ubandike. Sakafu ya miguuni usiigandishe kabisa, ishike kwa vifungo vya kubana. Mvua ikipiga unaitoa unaianika uani.

Mshona_Mapazia_Chake:
Kaka, mimi ni wa mapazia lakini hili nalijua. Kingo zitie utepe, ushone kwa uzi wa nailoni au poliesta. Wa pamba unaoza kwa unyevu wetu huu. Sindano namba 18, nyembamba zinavunjika. Na pale kisigino cha dereva kinapokaa, shona kipande cha mpira mzito kabla hujalaza kapeti. Baadaye hakipitiki chini ya mashine.

Tumbatu_Garage:
Chini ya kapeti usitie lami ya paa kuzuia kelele, kama wanavyofanya wengi. Kwa jua letu inalainika na gari inanuka lami. Tumia karatasi za butili (aina ya mpira unaonata) zenye foili. Na kama eksozi inapita chini ya miguu ya abiria, funga bamba la kuzuia joto kwa chini, au gundi ya tuta itaachia.

Gari_ya_Baba:
Wakuu, jana alasiri tumemwaga maji. Mwanangu ndani na tochi. Milango haikuvuja hata tone! Nilipofika mbele nikamsikia anaita, "Baba, linanidondokea mguuni!" Tundu la kebo ya spidi ya zamani, halizidi upana wa kidole gumba, juu ya miguu ya dereva. Maji yalikuwa yakishuka nyuma ya dashibodi na kuingia chini ya sponji. Mlango nilioulaumu mwaka mzima hauna kosa.

Nimeliziba kwa bamba na mpira. Kadibodi ya tuta imekaa mara ya tatu. Jumatatu napanda boti kuja Unguja kununua kapeti.

Fundi_Viti_Unguja:
Alhamdulillah. Usinunue peke yako, nitafute kwanza twende tuikunje kwa mikono. Na hiyo kadibodi uje nayo.