Paka wa Kiajemi anachanwa kila siku, bado manyoya yanafungana. Kosa liko wapi?

Mkazi wa Tabata
Habari zenu wakuu. Paka ni jike wa Kiajemi, miezi 9, kilo 3.2, hatoki nje. Kila jioni anapitishwa brashi ya plastiki, ile yenye vichwa vya duara kwenye ncha, na Jumamosi anaogeshwa kwa shampuu ya watoto. Kwa juu ni laini kama pamba. Lakini kila baada ya wiki mbili tatu kuna vifundo nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya mapaja. Sasa hivi kwapa la kushoto lina bonge kama punje ya karanga.
Brashi ibadilishwe? Kuogesha kunasaidia au kunaharibu? Bonge likatwe na mkasi? Na je, kwa joto hili la Dar si bora anyolewe wote yaishe?

Chanuo la Chuma
Brashi hiyo inakudanganya mkuu. Kiajemi ana matabaka mawili: manyoya marefu ya juu, na chini yake mengine laini kama malaika ya mtoto mchanga. Yale ya chini yakishang'oka hayadondoki, yananasa kwenye yaliyo hai. Fundo linazaliwa huko, karibu na ngozi, na brashi ya vichwa vya duara haifiki.

Tafuta chanuo la chuma lenye meno marefu ya kama sentimita 2.5, nusu yawe mapana, nusu membamba. Mlaze ubavu. Kwa mkono mmoja inua manyoya kuelekea kichwani, kwa mwingine shusha msitari mmoja wa kama sentimita moja, uchane kutoka kwenye ngozi kwenda nje. Ukimaliza huo, shusha unaofuata. Meno mapana kwanza, membamba baadaye. Kipimo ni hiki: chanuo lipite toka shina mpaka ncha bila kukwama. Ulaini wa juu si kipimo.

Anza mashavuni na mgongoni, anakopenda. Kwapani mpeleke mguu mbele taratibu, usiuvute kwenda pembeni, kiungo chake hakifunguki hivyo. Mkia ukianza kuchapa na ngozi ya mgongo kutetemeka, acha, malizia kesho. Dakika 10 zinatosha.

Brashi ya sindano, ile yenye waya nyembamba nyingi, nzuri, ila ni ya kumalizia. Ijaribu kwanza ndani ya mkono wako: ikikuchuna wewe, na yeye inamchuna.

Tena umri wake ndio wenyewe. Miezi hii anabadili manyoya ya utoto kwenda ya utu uzima, kufungana lazima kuongezeke. Usiruke siku.

Bi Nyau
Nachukua swali la kuogesha na la hilo bonge.

Maji juu ya fundo ni kulikaza. Linywee, likauke, linakuwa kama kipande cha blanketi. Kwa hiyo mchane kwanza, chanuo likipita ndipo aoge. Kila wiki ni mno, wiki 4 hadi 6 zinatosha. Shampuu ya watoto achana nayo, imetengenezwa kwa ngozi ya binadamu; chukua ya paka, na suuza mpaka maji yatoke safi kabisa. Povu lililobaki linanata, na kinachonata kinafunga.

Taulo unakandamiza, husugui. Halafu usimwache akauke mwenyewe. Unyevu wa Dar unalifanya tabaka la chini libaki bichi kwa saa nyingi wakati juu pameshakauka, na hapo ndipo vifundo vinapoanza, mapunye nayo yakipata pa kushikia (na yanahamia kwa watoto wa nyumbani). Mashine ya kukaushia iwe kwenye joto dogo, mbali kama sentimita 30, huku unachana.

Bonge: mkasi hapana! Fundo linavuta ngozi ndani yake ikasimama kama hema, na ngozi ya paka ni nyembamba mno. Unadhani unakata nywele, kumbe unakata mnyama. Kidonda hicho ni cha kushonwa. Nyunyiza wanga wa mahindi kidogo, ule mweupe wa kuongezea mchuzi uzito. Bana shina kwa vidole viwili ngozi isivutwe, pasua bonge vipande viwili vitatu kwa kufuata urefu wa nywele, kisha donoa kwa ncha ya chanuo ukianzia nje kuja ndani. Likigoma siku mbili, au limelala bapa kwenye ngozi, ni kazi ya mashine ya kunyolea wanyama yenye wembe namba 10 (unaokata karibu na ngozi) mikononi mwa anayeijua. Ile ya kinyozi yenye kitana cha plastiki mbele haiingii kwenye fundo, na wembe wake unapata moto upesi.

Mtu akikushauri mafuta ya nazi, mshukuru tu. Yanakusanya vumbi na kufunga zaidi.

Mifugo Ilala
Kumnyoa wote sishauri. Manyoya yanachukua miezi kadhaa kurudi, na paka mweupe akikaa dirishani jua linamchoma. Punguza kwapani na chini ya mkia, basi.

Vitabu vya Ulaya vinasema uchane zaidi majira ya kuchipua. Kwetu hayo hayapo. Kupukutika kunafuata urefu wa mchana, na Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, mchana haurefuki wala kufupika sana, kwa hiyo paka anapukutika kidogo kidogo mwaka mzima.

Angalia viroboto pia, maana kujikuna kunasokota. Lakini usimpake dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin (kiua wadudu): paka anatetemeka, anadegedeka, anaweza kufa. Na kwa wenye paka wakubwa: vifundo vikitokea ghafla kiunoni tu, paka huyo hajifikii. Ni unene, viungo au meno. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kununua chanuo.

Mkazi wa Tabata
Asanteni sana. Anavaa mkanda shingoni wenye kengele, nao una shida?

Chanuo la Chuma
Uvue, hatoki nje huyo. Halafu chana chini yake leo leo, sitashangaa ukikuta fundo la nne.