Picha inaonekana ila sauti hakuna, shida ni faili au pleya?

Bubu_wa_Leo: Wakuu habari zenu, kuna video jamaa kaniwekea kwenye flashi, ni MKV, nikiifungua kwa pleya iliyokuja na simu picha safi kabisa ila sauti hakuna hata chembe, nikajua spika imekufa, nikapiga mziki unaimba vizuri tu. Nikabadilisha jina toka .mkv kuwa .mp4, wapi, bubu vilevile. Ajabu kwenye kompyuta yenye VLC, ile pleya nyingine, inaongea. Shida nini?

FundiWaya: Hahaha mkuu kubadilisha jina ni kumvalisha mbuzi kanzu, ndani bado mbuzi. MKV na MP4 ni kasha tu, humo ndani kuna picha, sauti na maandishi, kila kimoja kimebanwa kivyake na kinachokifungua ndo kodeki. Picha yako nadhani imebanwa kwa H.264, hiyo karibu kila simu inaisoma, ila sauti huenda imebanwa kwa AC3 au DTS, na hizo zimekuwa na mambo ya leseni za kulipia kwahiyo simu nyingi haziwekewi. VLC inakuja na kodeki zake yenyewe ndo maana haihangaiki (wanafunzi wa École Centrale Paris ndo waliianza 1996, na mpaka leo ni bure bila matangazo). Hakikisha kwanza, icheze kwa VLC kwenye kompyuta halafu bonyeza Ctrl+J usome mstari wa sauti.

mama_wawili: Nadandia hapohapo, mimi sauti ipo ila maandishi ya chini yanatangulia, mtu hajafungua mdomo nishasoma anachotaka kusema, inakera jamani!!

FundiWaya: Dada ukiwa kwenye VLC ya kompyuta bonyeza H, kila ukibonyeza yanachelewa milisekunde 50, yakizidi kuchelewa rudisha kwa G. Na faili la hayo maandishi (.srt) lipe jina lilelile la video, liwe folda moja, litajifungua lenyewe.

Kijana_wa_Deski: Mi VLC naitumia kusikiliza masomo niliyorekodi, mwalimu anaongea polepole mpaka usingizi unakuja, nagonga ] anakimbia kidogo, nikipotea [ namrudisha

Bubu_wa_Leo: Nimeangalia Ctrl+J imeandika "A52 Audio (aka AC3)", kumbe kweli. Nimeweka VLC kwenye simu saa hii inapiga kelele mpaka nimefokewa humu ndani. Shukrani mkuu