Kisakinishi cha Rocky Linux 8 hakiisomi CD ya zamani ya draiva ya RAID

FundiShangani (Mtwara)

Ndugu zangu, salaam. Ninahudumia seva ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho, ambayo miaka yote imeendeshwa na CentOS 5, toleo la zamani la mfumo wa Linux. Kwa kuwa mfumo huo haupati masahihisho ya usalama tangu Machi 2017, nimeamua kusakinisha Rocky Linux 8 kabla minada haijaanza, na daftari la wakulima nimekwisha kulinakili kwenye diski ya nje. Kisakinishi kinawaka vizuri, lakini kikifika kwenye kuchagua diski hakioni hata moja. Kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) ni SAS1078. CD yake ya draiva ninayo, na ndani yake mna modules.cgz, modinfo na modules.dep, nimeiingiza, kisakinishi kikaipita kama haimo. Je, ninaweza kukilazimisha kisome muundo huo?

MtandaoLindi

Kaka, tatizo halikomei kwenye muundo. Faili la modules.cgz ni kifurushi tu cha cpio kilichobanwa kwa gzip, na unaweza kukifungua mwenyewe ukaona moduli (faili za draiva) zilizomo. Hata hivyo, moduli hizo zilijengwa kwa ajili ya kerneli (kiini cha mfumo) 2.6.18 ya CentOS 5, ilhali Rocky 8 inatumia 4.18, kwa hiyo hata kama kisakinishi kingeusoma muundo wa zamani, kerneli ingeikataa moduli yenyewe. Muundo wa sasa hubeba vifurushi vya RPM (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa) pamoja na faili la rhdd3, na faida yake kubwa ni kwamba draiva huingizwa pia kwenye mfumo uliosakinishwa, hivyo mashine haikwami inapowashwa mara ya kwanza.

Kuhusu kadi yako, draiva yake, megaraid_sas, bado imo katika RHEL 8 (Red Hat Enterprise Linux) na mifumo iliyotokana nayo kama Rocky, ila namba za kadi kadhaa za zamani ziliondolewa. Bonyeza Ctrl+Alt+F2, andika lspci -nn, amri inayoorodhesha vifaa na namba zake. Ukiona 1000:0060, ndiyo sababu.

BibiSeva (Masasi)

Mwanangu, iache hiyo CD. Pakua kutoka ELRepo, hazina ya mtandaoni ya draiva za ziada, picha ya ISO (nakala ya diski nzima katika faili moja) ambayo jina lake linaanza na dd-megaraid_sas, na uhakikishe inalingana na toleo dogo unalosakinisha, kwa mfano el8_10 kwa 8.10. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Iandike kwenye flashi ya pili kama picha ya diski, usiinakili kama faili la kawaida, kwa sababu kisakinishi hutafuta chenyewe diski yenye lebo OEMDRV. Ukiwa umeinakili kama faili, itakubidi uongeze neno inst.dd kwenye mstari wa kuwashia kisakinishi kisha uichague kwa mkono.

FundiShangani (Mtwara)

Shikamoo Bibi, na ahsante kaka. Namba ni 1000:0060 kweli. Mara ya kwanza nilikuwa nimeinakili ISO kama faili, hakuna kilichotokea; nilipoiandika upya kama ulivyoelekeza, diski imeonekana na usakinishaji unaendelea.

BibiSeva (Masasi)

Marahaba. Ukimaliza, ongeza hazina ya ELRepo kwenye dnf (programu ya kusakinisha na kusasisha vifurushi) kabla hujasasisha kerneli, ili kifurushi cha kmod, chenye draiva hiyo, nacho kisasishwe inapohitajika.